Gari la Misuli Lilizaliwa Kwenye Fomu ya Oda

Januari 1963 wakubwa wa General Motors walipiga marufuku vitengo vyao vyote kujihusisha na mashindano ya magari. Kulikuwa na katazo jingine pia: gari la ukubwa wa kati lisifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani lita 5.4. Pontiac iliumia kuliko wengine, kwa sababu jina lake lilikuwa limejengwa kwenye viwanja vya mbio, na wateja wake vijana walikuwa hawana sababu nyingine ya kuipenda.

Mhandisi mkuu wa Pontiac, John DeLorean, pamoja na wenzake Bill Collins na Russell Gee, wakaona upenyo. Injini ya 389 (lita 6.4) iliyokuwa ikiendesha magari makubwa ya Pontiac ilikuwa na umbo la nje sawa na ile ya 326 iliyokuwa ikiingia kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati. Ukiitoa hii na kuishusha ile, inakaa kwenye vishikizo vilevile, bila kukata chuma. Na katazo lilihusu modeli. Halikugusa vikorombwezo vya ziada ambavyo mteja huvitia alama mwenyewe anapoagiza gari. Kwa hiyo mwaka 1964 GTO, gari la misuli la Pontiac, haikutoka kama gari jipya. Ilitoka kama mstari mmoja kwenye fomu ya oda ya Tempest LeMans: ongeza takribani dola 295, upate injini ya 389 yenye nguvu farasi 325, egzosi mbili, mkono wa gia wa Hurst uliofungwa sakafuni, springi ngumu zaidi, tairi zenye mstari mwekundu na tundu mbili za hewa kwenye boneti ambazo hazikuingiza hewa yoyote. Ukiongeza pesa kidogo unapewa kabureta tatu za midomo miwili, na nguvu inapanda hadi 348.

Idara ya mauzo ilikubali kwa shingo upande yatengenezwe 5,000. Mwaka huo yaliuzwa 32,450. Mwaka 1966 yakafika 96,946, na hakuna tena aliyeuliza habari za katazo.

Nimeanza na ile fomu kwa makusudi. Watu wakizungumzia magari ya misuli huanza na mlio wa injini na moshi wa tairi, na hilo halina ubaya. Lakini ukitaka kununua moja leo, jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mengi ya magari haya hayakuwa modeli zinazojitegemea. Yalikuwa magari ya kawaida ya baba mwenye familia, yaliyotiwa alama kwenye visanduku fulani vya fomu. Bodi ni ileile, milango ni ileile, mara nyingi hata namba ya chesisi haisemi tofauti. Tofauti ya bei kati ya lile la kawaida na lile lenye alama inaweza kuwa mara tano, na ndani ya pengo hilo ndimo wanamoishi wajanja.

Mfano wa mwanzo wa ujanja huo ni wa Pontiac wenyewe. Mwanzoni mwa 1964 jarida la Car and Driver lilipewa GTO za kujaribu, likatoa muda wa kasi uliowatoa watu macho. Miaka mingi baadaye Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyezipeleka gari hizo, alikiri kwamba moja ilikuwa imefungwa injini ya 421. Kwa nje huwezi kuitofautisha na ya 389.

Kabla ya GTO yalikuwepo magari ya kasi. Oldsmobile Rocket 88 ya 1949 ilichukua injini ya V8 ya inchi 303 na kuiweka kwenye bodi nyepesi kuliko ilivyokusudiwa. Chrysler C-300 ya 1955 ilikuwa na nguvu farasi 300 wakati huo ni namba ya kushangaza. Lakini C-300 ilikuwa gari la tajiri. Kilichofanya gari liitwe la misuli ni bei: bodi ya wastani, injini ya gari kubwa, na kijana wa kiwandani anaweza kulilipia kwa mkopo. Kwa kipimo hicho Mustang ya Aprili 1964 ni jamii nyingine, ndogo na maridadi zaidi, ingawa baadaye ilifungwa injini kubwa ikaingia kundini. Corvette ni gari la michezo la viti viwili. Mwenye kuyachanganya yote humsikii mnadani akipata bei nzuri.

Waliofika mbali zaidi na wazo la bei rahisi walikuwa Plymouth. Mwaka 1968 walitoa Road Runner kwa dola 2,896: injini ya 383 yenye nguvu farasi 335, sakafu ya mpira badala ya zulia, kiti cha benchi, hakuna mapambo. Pesa waliyookoa kwenye mapambo waliiweka kwenye injini, breki na springi. Walilipa Warner Bros. dola 50,000 kutumia jina na picha ya yule ndege wa katuni, wakatengeneza na honi inayolia kama yeye. Walitegemea kuuza machache. Yakaondoka karibu 45,000. Kwa maoni yangu Road Runner ya mwaka huo ndilo gari lenye roho ya kundi hili zima, kuliko hata yale ya mamilioni.

Juu ya 383 Chrysler, wenye Plymouth, walikuwa na 440, na juu yake Hemi ya 426, injini ya lita 7 iliyoshinda mbio za Daytona 500 za 1964 mikononi mwa Richard Petty, kisha ikaletwa barabarani mwaka 1966 ikiwa na kabureta mbili za midomo minne. Kwenye gari la 1970 Hemi peke yake iliongeza takribani dola 870, nayo ilikunywa mafuta kama lori. Ndiyo maana wengi hawakuitia alama. Plymouth 'Cuda ya wazi yenye Hemi ilitengenezwa 14 tu mwaka 1970 na 11 mwaka 1971. Hakuna aliyepanga iwe adimu. Ilikataliwa tu na wanunuzi, na moja ya hizo za 1971 iliuzwa kwa dola milioni 3.5 kwenye mnada wa Mecum, Seattle, mwaka 2014. Habari ni ileile kwa Plymouth Superbird ya 1970 yenye pua ndefu na bawa refu nyuma: zilitengenezwa karibu 1,900 ili ikubaliwe kwenye mbio za NASCAR, zikakaa kwa mawakala hadi wengine wakazing'oa pua na bawa ili ziuzike.

Chevrolet, nao wa General Motors, walikuwa na fomu yao ya pembeni. COPO ni utaratibu wa oda za ofisi kuu, uliowekwa kwa ajili ya teksi, magari ya polisi na rangi za makampuni. Mawakala wachache waligundua kwamba njia hiyo haipiti kwenye katazo la injini. Don Yenko wa Canonsburg, Pennsylvania, aliagiza kwayo Camaro za 1969 zenye injini ya 427. Fred Gibb wa La Harpe, Illinois, aliagiza Camaro 50 zenye ZL1, injini ya 427 ya alumini tupu iliyobuniwa kwa mbio. Alipopata bili alishtuka: injini pekee ilizidi dola 4,000 na gari likazidi dola 7,200. Nyingi zilirudishwa na kusambazwa kwa mawakala wengine. Jumla zilitoka 69.

Mwaka 1970 General Motors iliondoa kikomo cha injini kwa magari ya kati, na Chevelle SS ikapewa 454 LS6, nguvu farasi 450, mgandamizo wa 11.25 kwa 1. Buick wakatoa 455 Stage 1, wakaiandikia 360. Hapa inabidi tuseme wazi: namba hizo za nguvu si za kuaminika kwa upande wowote. Zilipimwa injini ikiwa juu ya stendi, bila kisafisha hewa, bila egzosi ya gari, bila mzigo wa vifaa vingine, hivyo zilikuzwa. Wakati huohuo makampuni ya bima yalikuwa yameanza kumtoza kijana ada kubwa kwa kuangalia nguvu dhidi ya uzito wa gari, basi wahandisi wakaanza kuzipunguza kwa kalamu. Ford 428 Cobra Jet iliandikwa 335. Camaro Z/28 yenye 302 iliandikwa 290. Hakuna fundi aliyewahi kuifungua mojawapo akaziamini.

Wengi husema vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 ndivyo vilivyoua magari haya. Vilikuta maiti. Bima ilishawakimbiza wanunuzi tangu 1970. Sheria ya hewa safi ilitiwa saini mwishoni mwa mwaka huo, na magari ya General Motors ya 1971 yakapunguziwa mgandamizo ili yatumie petroli yenye risasi kidogo. Kisha 1972 kipimo cha nguvu kikabadilishwa kuwa cha injini iliyovaa vifaa vyake vyote. Injini ya 454 LS5 ya 1971 ilitangazwa kwa vipimo vyote viwili: 365 kwa cha zamani, 285 kwa kipya. Injini ni moja. Ukikuta mtu anasema gari la 1972 "limepoteza nguvu 80", muulize anatumia kipimo gani. Pontiac peke yao waliendelea kukaidi: Trans Am yenye Super Duty 455 ilitoka 252 mwaka 1973 na 943 mwaka 1974.

Sasa tuje kwenye kununua, na tuanze na namba kabla ya kufungua boneti.

Chrysler ndio waliokuwa waungwana kuliko wote, kwa sababu waliandika injini ndani ya namba ya chesisi. Chukua gari la 1970 ambalo namba yake inaanza BS23R0B. B ni Barracuda, S ni daraja la 'Cuda, 23 ni milango miwili yenye paa gumu, R ni Hemi ya 426, 0 ni mwaka 1970, na B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Herufi ya tano ndiyo yenye pesa. Kwa 1970 na 1971, R ni Hemi na V ni 440 yenye kabureta tatu. Kwa 1968 na 1969 Hemi ni J. Gari lenye H au N pale, hata likiwa na Hemi halisi inayonguruma, halikuzaliwa nayo. Ndani ya chumba cha injini, kwenye madigadi ya kushoto, kuna kibati chenye misimbo inayosomwa kutoka mstari wa chini kwenda juu. E74 ni Hemi, E87 ni 440 ya kabureta tatu. Kibati na namba ya chesisi vikipingana, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Pontiac ni kati kwa kati. Kuanzia 1966 hadi 1971 GTO ya kweli namba yake inaanza na 242. Lakini ya 1964 na 1965, ambazo ndizo za mwanzo na zinatafutwa sana, namba yake ni ya LeMans tu, kwa sababu ilikuwa mstari kwenye fomu. Hapo huna namna isipokuwa nakala ya ankara ya kiwanda, na bahati nzuri kumbukumbu hizo zimehifadhiwa: Pontiac Historic Services hutoa nakala kwa namba ya chesisi. Muuzaji wa GTO ya 1965 asiyekuwa na karatasi hiyo wakati kuipata ni rahisi namna ile, huenda anajua itasema nini. Kwa Ford, Marti Auto Works wanazo takwimu za uzalishaji kuanzia 1967 na hutoa ripoti ya gari mojamoja.

Chevrolet ndiko kwenye msitu. Chevelle SS396 ya 1966 hadi 1968 inajulikana kwa namba inayoanza na 138. Kuanzia 1969 SS ikarudi kuwa alama kwenye fomu, na namba ya chesisi ya LS6 ya 1970 haitofautiani na ya Malibu yenye V8 ndogo. Kumbukumbu za gari mojamoja kwa yaliyouzwa Marekani hazipo. LS6 zilitengenezwa 4,475 kwa hesabu inayokubalika, na ni utani wa siku zote miongoni mwa wakusanyaji kwamba zilizobaki hai ni nyingi kuliko zilizozaliwa. Kwa gari hili ushahidi ni chuma chenyewe, basi tukikaribie.

Simama upande wa abiria wa injini ya Chevrolet. Mbele ya silinda hedi, nyuma kidogo ya altaneta au pampu, kuna kipande kidogo cha bloku kilicho bapa, upana wa vidole viwili. Kisafishe kwa kitambaa na dawa ya kuondoa rangi. Brashi ya chuma na msasa ni mwiko hapa. Utaona mfululizo wa aina hii: T0112CRV. T ni kiwanda cha injini cha Tonawanda, New York. 0112 ni Januari 12. CRV ni 454 ya nguvu 450 yenye gia za mkono. Kando yake, kuanzia 1968, kuna namba ya pili inayobeba tarakimu za mwisho za namba ya chesisi. Hizo zikilingana na za kwenye dashibodi, ndipo watu husema namba zinalingana.

Mwongo anajua hayo yote, na seti ya herufi za kugonga huuzwa dukani. Lakini tochi ikimulikwa kwa pembeni huonyesha alichosahau. Mashine ya kiwandani iliyokata uso ule iliacha mistari myembamba sana, sambamba, inayokwenda kutoka mbele kwenda nyuma ya injini. Injini ikichongwa upya gereji, au namba ikisagwa ili igongwe nyingine, mistari hiyo hufutika na mahali pake hubaki uso laini au mikwaruzo ya duara. Wengine huirudishia kwa msasa. Mistari ya msasa hukatika katikati na haina kina kimoja. Tena zile namba mbili ziligongwa sehemu mbili tofauti: msimbo wa injini kwenye kiwanda cha injini, namba ya gari kwenye kiwanda cha kuunganisha gari. Haziwezi kuwa na herufi za umbo moja, kina kimoja na mstari mmoja ulionyooka. Zikifanana kama mapacha, zimegongwa siku moja na mtu mmoja.

Halafu nenda nyuma ya injini, pale gia inapoungana. Kuna namba ya kusubu, 3963512 kwa 454 ya 1970. Tafuta pia kwenye bloku tarehe ya kusubu: herufi A hadi L kwa miezi, kisha siku, kisha tarakimu ya mwaka. A 5 0 ni Januari 5, 1970. Bloku lazima lisubiwe kabla ya injini kuunganishwa, na injini kabla ya gari, kwa siku chache au wiki chache. Bloku la Machi ndani ya gari la Februari ni hadithi, hata kama kila kitu kingine kimenyooka. Linganisha pia tarehe za gia, difu, altaneta na vioo.

Kibati cha namba kwenye dashibodi kwa magari ya GM ya miaka hii hushikwa na riveti zenye kichwa cha ua la petali sita. Riveti za duara za kawaida ni dalili ya kibati kilichohama. Jambo hilo ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani, na gari linaweza kukamatwa hata ukiwa mnunuzi usiyejua. Siku hizi kampuni ya Dynacorn hutengeneza bodi mpya nzima za Mustang na Camaro, kwa hiyo "Camaro ya 1969" isiyo na kutu hata chembe inaweza kuwa na kitu kimoja tu cha 1969: kile kibati.

Kuhusu kutu, sumaku na kipima unene wa rangi vinatosha kwa nusu ya kazi. Rangi ya kiwandani ni mikroni 100 hadi 150. Ukisoma 300 gari limepakwa tena, na hilo si dhambi. Ukisoma zaidi ya 1,000 chini ya mlango au nyuma ya tairi, hapo kuna puti, na chini ya puti kuna shimo. Chevelle zenye paa la vinaili huoza kuzunguka kioo cha nyuma, maji yanashuka kwenye buti, yanakula sakafu yake, na mwenye gari haoni kwa sababu kuna zulia. Mustang huanzia juu: tundu za hewa chini ya kioo cha mbele hutoboka ndani, maji yanadondokea miguuni. Mwaga ndoo ya maji pale, kisha papasa chini ya dashibodi. Ikilowa, ukarabati unahitaji kukata sehemu yote hiyo na kuchomelea upya. Magari ya Chrysler hayana chesisi ya kujitegemea, hivyo reli za nyuma zinaposhikia springi na mhimili wa katikati unaoshika fito za msokoto (vyuma vinavyofanya kazi ya springi za mbele) zikioza, gari linajikunja. Milango isiyofunga vizuri gari likipandishwa jeki ni ishara ya hilo.

Upande wa mashine kuna magonjwa yanayojulikana kwa jina. Chrysler ikiwaka unapozungusha ufunguo na kuzimika papo hapo unapouachia, ni rezista ndogo ya kauri kwenye ukuta wa injini. Bei yake ni ya chakula cha mchana, na wenye akili huweka ya akiba kwenye kisanduku cha dashibodi. Kibaya zaidi ni waya: umeme wote wa chaji hupita kwenye soketi ya ukutani na ndani ya mita ya ampea, na baada ya miaka hamsini soketi hiyo huyeyuka. Pontiac walitumia gia ya taimingi yenye meno ya nailoni ili isipige kelele. Meno hukauka, hupukutika, huangukia kwenye kata ya oili na kuziba chujio la pampu. Injini ya Pontiac ambayo haijawahi kufunguliwa ifungue hapo kabla ya safari ndefu. Kabureta ya Quadrajet ikivuja usiku, gari gumu kuwaka asubuhi na petroli imepungua kwenye bakuli, tatizo ni vizibo vya chini ya bakuli. Huzibwa kwa gundi ya epoksi ya petroli. Platini za Chevrolet zikiwa mpya acha nafasi ya inchi 0.019, na dweli, yaani pembe ambayo platini hubaki zimefungwa, iwe nyuzi 30.

Mafuta ni suala lenyewe. Petroli bora ya enzi hizo ilizidi 100 kwa kipimo cha RON, kinachoonyesha petroli inavyohimili bila injini kugonga. Namba ya 91 au 93 unayoiona kwenye pampu ya Marekani ni wastani wa vipimo viwili, sawa na RON 95 hadi 98 hivi, kwa hiyo usiilinganishe moja kwa moja na ya pampu za Afrika Mashariki au Ghuba. Injini yenye mgandamizo wa 11 kwa 1 itagonga kwa petroli hiyo, na kugonga hutoboa pistoni. Kurudisha taimingi nyuma husaidia lakini injini hupata joto. Wanaoliendesha gari hasa hubadilisha pistoni na kushuka hadi 9.5 kwa 1, huku za zamani wakizihifadhi kwenye boksi. Risasi iliyokuwa kwenye petroli ilikuwa pia ikilinda viti vya vali za egzosi; silinda hedi ikifunguliwa, wekewa viti vigumu. Petroli yenye ethanoli hula hozi za zamani, weka zenye alama ya SAE J30R9. Na oili ya kisasa ya petroli ina zinki na fosforasi kidogo mno kwa tapeti bapa za kamshafti hizi. Tafuta yenye zinki ya kutosha, sehemu 1,200 kwa milioni au zaidi. Kamshafti mpya iendeshwe kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika 20 hadi 30 mara tu injini inapowaka kwa mara ya kwanza, bila kuiacha isailensi. Fundi anayeiwasha, kuizima, kuiwasha tena ili arekebishe kabureta, ameshaiua.

Nani anunue nini? Kwa asiyetaka kesi, ningesema LeMans, Malibu au Satellite yenye V8 ndogo, bodi kavu, inayojitangaza ilivyo. Vipuri vya Mustang, Camaro na Chevelle unaweza kuagiza hadi bolti ya mwisho. Vya Buick, Oldsmobile na hasa AMC (American Motors) ni vya kuwinda; SC/Rambler yao ya 1969, kwa mfano, ilitoka 1,512 tu. Gari lililojengwa kuigiza SS au GTO si baya endapo linauzwa kwa bei ya mwigo na hati inasema hivyo. Kumbuka pia kwamba bei ya nyundo mnadani si unayolipa. Kwa kawaida huongezwa ada ya nyumba ya mnada, asilimia 10 au zaidi.

Na kama umelipata gari la GM lisilo na karatasi, kuna pa mwisho pa kutafuta. Wafanyakazi wa kiwandani walikuwa na karatasi ya maelekezo ya kila gari, yenye misimbo ya injini, gia, difu na rangi, na wakimaliza waliibana popote: ndani ya springi za kiti cha nyuma, chini ya zulia, na mara nyingi juu ya tangi la petroli, ikitegemea kiwanda. Chrysler zao hukutwa kwenye viti na nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Nyonya petroli yote, tegemeza tangi kwa jeki na ubao, legeza mikanda miwili bila kuitoa, shusha sentimita kumi tu, na ingiza kioo na tochi. Karatasi ikiwepo itakuwa ya kahawia, imegandana na kutu, na panya huenda wamekula pembe. Usiivute. Ipige picha palepale ilipo, kisha toa tangi zima pamoja nayo, iache ikauke kivulini siku mbili, ndipo uichokoe kwa kisu bapa cha plastiki kuanzia upande ambao hauna maandishi.